Hodi Tatu za Marcelina

Marcelina alikuwa na kipaji ambacho heri Mungu angempa mtu mwenye busara zaidi: kuigiza watu. Sisi Watanzania wa ughaibuni, mtaa wa Barking, tulimjua kwa hilo. Aliniigiza hata mimi ninavyokimbilia basi, nikacheka shingo upande.

Mwaka 2003 Gaudensia, rafiki yake wa chanda na pete, alifiwa na mama yake huko Bukoba. Karatasi zake za ukaazi hazikuwa tayari, hakuweza kusafiri, akamlilia mama kwenye ukumbi wa kanisa. Wiki iliyofuata Marcelina akakiigiza kilio kile jikoni, tukacheka sote, aibu yetu. Kumbe Gaudensia amesimama mlangoni. Akaweka chini sinia la maandazi, akaondoka, na tangu hapo hakupokea simu ya Marcelina.

Marcelina aliungama kwa padri, akangoja mambo yaishe. Hayakuisha.

Wakati huo alikuwa akimtunza Mzee Sidney, Myahudi wa mtaa wa Golders Green, fundi cherehani mstaafu mwenye ulimi wa pilipili. Ilipokaribia Siku ya Upatanisho, sikukuu yao ya toba, mzee alishinda kwenye simu akiwaomba radhi watu, hata shemeji aliyemkatia simu mara mbili. Kisha akamwomba radhi Marcelina kwa kuiita chai yake maji ya kuoshea vyombo. Marcelina akacheka, halafu akamsimulia ya Gaudensia.

“Aliyeumia ni rafiki yako,” mzee akasema. “Kwetu, Mungu hasamehe kwa niaba yake. Nenda mwenyewe, hata mara tatu. Na toba yako itajulikana siku utakapopata nafasi ileile ya kukosea, usikosee.”

Akaenda. Mara ya kwanza Gaudensia hakufungua. Mara ya pili alisema anawahi shifti, akafunga. Mara ya tatu mvua ilimlowesha Marcelina chapachapa, wigi likamfunika macho, na mlango ulipofunguliwa alikuwa analiomba radhi pipa la taka. Gaudensia akamvuta ndani, akampa taulo. Alisema amemsamehe, lakini hakutabasamu.

Krismasi tukakutana ukumbini. Mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, akamwomba Marcelina atufanyie kile kilio. Gaudensia akainamia sahani yake. Nilijuta papo hapo.

Marcelina akasimama, akajifunika kitambaa cha meza machoni, akabisha hodi ukutani, akaanza kuliomba radhi jokofu. Alikuwa anajiigiza mwenyewe. Gaudensia alicheka hadi akamshika Marcelina bega asianguke.

Juma lililofuata nilipika maandazi, nikaenda kwa Gaudensia kuomba radhi. Mimi alinifungulia kwa hodi ya kwanza.