Nusu ya Timotheo

Asubuhi baada ya chai, mkono wa kulia wa Sosthenes ulikwenda kifuani. Haukutumwa na mtu. Uliingia mfuko wa shati, ukapekua, ukakuta kibanzi cha mti wa msindano, ukatoka nacho. Akakitia mdomoni, akakitafuna. Utomvu wa msindano ni mchungu, lakini si uchungu ule aliokuwa akiutaka.

"Baba Faustina, unatafuta nini?" mkewe Eveline aliuliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Sitafuti kitu."

"Wewe hutafuti. Mkono unatafuta."

Ilikuwa miezi kumi tangu aache sigara. Daktari kijana pale hospitalini aliinua picha ya mapafu yake kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia kwamba yaliyobaki mazima ni kidogo, na sigara itayamaliza. Akaongeza kuwa mwezi wa kwanza ndio mgumu. Akiuvuka huo, amevuka mto. Kijana yule aliyasoma hayo vitabuni. Mwezi wa kwanza ulikuwa taabu ya mwili tu: jasho, hasira, usingizi wa paka. Mwili ulizoea. Kilichobaki kilimjia bila hodi, akiwa anafunga kamba ya kiatu, au akinusa gogo lililokatwa. Kilisimama nyuma ya bega lake, kikangoja.

Naye Eveline alikwishasema neno lake, mara moja, na yeye si mtu wa kurudia. "Mmoja wa msumeno nimemlilia. Wa pili simlilii. Siku nikiinusa tena kwenye shati lako, nakwenda Mbalizi kwa Faustina, watakuzika majirani."

Wa msumeno walikuwa wawili, Sosthenes na Timotheo.

Leo ukipanda milima ya Kilolo utasikia chenso, misumeno ya mashine, zikilia kama nyigu kwenye chupa. Kijana mmoja, viatu vya mpira, simu inaimba mfukoni, na msitu uliopandwa na babu zake unalala chini kabla ya adhuhuri. Kesho yake panapandwa parachichi. Hakuna anayemjua mwenzake, maana mashine haihitaji mwenzake. Zamani mbao zilipasuliwa na watu wawili. Shimo lilichimbwa, gogo likalazwa juu yake; mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine akashuka shimoni, na msumeno mrefu ukapita katikati yao kutwa nzima. Ukivuta, naachia, ukiachia, navuta. Wa chini alikula vumbi la mbao. Wa juu aliona mbingu. Kesho walibadilishana. Sosthenes na Timotheo walipasua hivyo miaka ishirini na saba, kuanzia Kilolo mpaka milima ya Mbeya, na hawakuwahi kugombana ila siku za mvua.

Sigara ilikuwa moja kwa mapumziko. Wa juu aliiwasha, lakini kabla ya kuiwasha aliiwekea alama ya ukucha katikati. Alivuta mpaka karibu na ukucha, kisha akaishusha shimoni, na mkono wa wa chini ukanyooshwa kuipokea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hapakuwa na nyingine. Timotheo alipokuwa juu hakuufikia hata huo ukucha. Siku zote alibakiza upana wa punje ya mtama. "Wa shimoni kala vumbi," alikuwa akisema. "Mwongeze."

Mwaka jana, mwezi wa saba, Timotheo alilazwa. Kifua kilikuwa kimekwisha. Jioni ile Sosthenes alikaa kando ya kitanda, na mgonjwa akamnong'oneza, "Mnyalukolo, ndugu yangu, kaniwashie. Niletee nusu yangu."

Sosthenes akatoka, akaenda nyuma ya jengo, kwenye ukuta wa kufulia. Akaweka ukucha. Akawasha. Baadaye aliwaambia watu kwamba muuguzi alikataza, na ni kweli alikataza. Lakini hakuna muuguzi aliyekuwapo nyuma ya ukuta ule. Alivuta akiangalia ukungu ukipanda bondeni, akakumbuka hili na lile, na aliposhtuka moto ulikuwa unamuunguza vidole. Pakiti ilikuwa tupu.

Alirudi mikono mitupu. Timotheo alikuwa amekwisha kuunyoosha wake. Akaangalia vidole vya rafiki yake, akacheka kidogo, kicheko kilichogeuka kikohozi.

"Umevuka ukucha," alisema.

Asubuhi walipokwenda kumwangalia, walimkuta amekwisha kufunikwa shuka.

Hayo Sosthenes hakumwambia mtu, hata Eveline. Kwa hiyo alipokuja Yusta, mjane wa Timotheo, siku ya Alhamisi, hakujua afiche wapi uso.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Karibu kiti."

"Sikai. Jumamosi tunasakafia kaburi, mchungaji anakuja. Saruji imefika." Yusta alivuta khanga mabegani, manyunyu ya Julai yalikuwa yameanza. "Ila kuna jambo. Namwota. Usiku wa tatu huu. Amesimama shimoni, ndani ya lile shimo lenu la mbao, amenyoosha mkono juu. Hasemi. Namuuliza, baba, unataka nini? Ananyoosha tu."

Sosthenes alikitema kibanzi.

"Wewe ulikuwa naye mwisho," Yusta alisema. "Kama kuna kitu chake unacho, shemeji, mpe kabla ya Jumamosi. Tukishamwaga saruji, hapapiti kitu tena."

Ijumaa alasiri alikwenda kwa Habibu, mwenye duka pale njia panda, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani akiuza chumvi na wajukuu wakabaki na baridi.

"Nipe sigara. Moja."

Habibu hakunyoosha mkono kwenye boksi. "Mzee Sosthe, si umeacha? Mama Faustina ataniapiza mimi."

"Si yangu. Ni ya mtu."

"Wote husema ya mtu."

"Huyu mtu amekufa, Habibu."

Habibu alimtazama, akaacha mzaha, akampa.

Alikwenda kwanza jikoni kwa Yusta, akaomba kaa la moto kwenye kigae. Yusta akampa. Kiberiti hakikufaa: sigara ya kiberiti lazima uivute ndipo ishike, na yeye alijua kwamba pumzi moja tu ya moshi ingefungua mlango mzima. Kaa lingeiwasha polepole, bila mdomo.

Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu, umezama kidogo katikati. Alichuchumaa. Akatoa sigara, akaiwekea ukucha katikati. Akaigusisha na kaa. Haikushika. Akalipuliza kaa; kifua kikalia kama mvukuto wenye tundu. Akapuliza tena, machozi yakamtoka, na ncha ikawa nyekundu. Akaichomeka udongoni, ncha juu.

"Basi, hii yako," alisema. "Anza wewe."

Moshi ulipanda wima, kisha ukainama, ukamjia. Alihamia upande wa pili, ukamfuata. Mate yalijaa mdomoni. Mwili mzima ulimkumbuka Timotheo: mabega, magoti, kiganja kilichokuwa na sugu la mpini. Alisikia msumeno. Si kwamba alidhani anausikia. Aliusikia, nenda rudi, nenda rudi, chini ya udongo pale. Alikaa, hakukimbia, maana kumwacha mtu akivuta peke yake si adabu.

Manyunyu yakaongezeka. Ncha ikafifia, ikatoa uzi mmoja wa moshi, ikazima.

Sosthenes aliinama kuangalia. Ilikuwa imezimika kabla ya alama. Kati ya jivu na ukucha palibaki upana wa punje ya mtama.

Alitazama huku na huku kama mtu aliyeitwa jina. Hapakuwa na mtu, ila mikaratusi na ukungu. Kisha akaona mkono wake umekwisha kukichomoa kile kipisi, na kipisi kiko midomoni mwake, kina ladha ya udongo. Kaa lilikuwa bado jekundu kwenye kigae. Ilikuwa haki yake. Hiyo ilikuwa nusu yake halali, na nyongeza juu, kama siku zote. Timotheo hakuwa na kinyongo. Laiti angekuwa na kinyongo! Mtu mwenye kinyongo unamkatalia. Huyu alikuwa anamkaribisha, na mahali alipokuwa anamkaribisha ni shimoni.

Alilichukua kaa na kigae chake. Akalisogeza mpaka joto likagusa pua.

"Hapana, mnyalukolo," alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Leo sishuki."

Akalibwaga kaa kwenye nyasi mbichi, likalia chii. Akakitoa kipisi mdomoni, akakichomeka udongoni, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka mkono ukazama hadi kifundo. Alikaa hivyo, mkono uko chini, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa anaogopa kuutoa, asije akakuta umeshikwa.

Jumamosi walisakafia. Kazi iliyokuwa ya siku nzima, ya koo zote mbili, na kila mtu na jiwe lake alilolibeba kichwani, ilimalizwa na mafundi wawili wa kukodi huku spika ikiimba kuliko watu. Eveline alisimama karibu na mumewe, akanusa shati lake waziwazi mbele ya mchungaji, hakukuta sigara, akageukia kaburi. Yusta alisema hakuota usiku ule. Sosthenes alitazama mwiko ukipita pale alipozamisha mkono, na ladha ya udongo ilikuwa bado ulimini.

Jumapili, baada ya chai, mkono ulikwenda kifuani. Eveline aliuona, safari hii akaendelea kupepeta. Ulitoka na kibanzi cha msindano. Sosthenes akakiangalia, akakiwekea ukucha katikati. Akakitafuna taratibu, akaacha kabla ya alama. Kilichobaki akakishusha kando ya kiti chake, mkono ukining'inia, vidole vimefunguka kidogo, akangoja.