Zamu ya Nyumba ya Nanay Pacing

Maridel alikuwa afisa mawasiliano wa shirika la maji mjini Lucena, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaomba watu radhi. Bomba likipasuka, Maridel huyo redioni. Maji yakitoka rangi ya chai, Maridel huyo tena, sauti tamu utadhani anagombea ubunge. Ndiyo maana akirudi nyumbani kwao Lucban hakutaka kusikia maneno. Alitaka kushika vitu.

Na alishika vingi. Alijifunza gitaa dogo hadi akajua nusu ya wimbo. Alifuma blanketi likakomea upana wa taulo. Alimchora paka wa jirani kwa rangi za maji, akampa kichwa, mgongo na miguu miwili ya mbele, basi. Jumamosi alizunguka sokoni akionja soseji za kitunguu saumu kwenye kila meza kama mkaguzi wa serikali, akarudi na ua jingine la okidi aliloapa kuwa ndilo la mwisho. Alikuwa na raha zake, na wala sioni kosa hapo.

Mama yake, Nanay Pacing, aliliona. "Wewe mwanangu ukipewa kaburi langu ulichimbe, nitazikwa miguu iko nje."

Mwaka ule maandamano ya Mtakatifu Isidro yalipangwa kupita mtaani kwao. Njia hubadilishwa kila mwaka ili kila mtaa upate zamu, na zamu ikishapita huchukua miaka kurudi. Nyumba za njiani hupambwa kwa mazao ya wenyewe ili mtakatifu ayabariki, na juu ya yote hutundikwa kiping, zile kaki nyembamba za mchele zenye umbo la jani na rangi za kila aina. Zamu iliyopita alizitengeneza baba yake Maridel. Sasa baba hayupo, na mikono ya Nanay Pacing inatetemeka hata kikombe kinamshinda.

"Tukodi watu waje kutupambia," Maridel alisema.

"Nyumba yangu ivalishwe na watu wa kukodi? Bora mtakatifu apite amefumba macho. Na zamu nyingine mtakuja kunihadithia makaburini."

Maneno hayo yalimchoma Maridel. Akaomba likizo. "Nitatengeneza mimi, Mama. Zote."

"Haya. Nusu ya ukuta tutafunika kwa shuka."

Alianza vizuri. Alisaga mchele, akatia rangi, akapaka ule uji juu ya majani mapana, akayapika kwa mvuke na kuyatundika kivulini. Kesho yake akaona jinsi zilivyopendeza, na ugonjwa wa kazi ukampanda. Akazitoa zote uani, juani, apige picha za kuwatambia wenzake wa ofisini. Akahama huku, akainama kule, akaandika maneno ya kuchekesha, akawajibu waliomsifu. Alipoinua macho, kiping zilikuwa zimejikunja na kupasukapasuka. Kiping haianikwi juani. Lucban hata mtoto anajua hilo.

Aling Sion, jirani, akachungulia juu ya ua. "Maridel! Siku hizi unakaanga bila mafuta?"

Maridel akaketi juu ya ndoo, akalia. Nanay Pacing akatoka taratibu, akatazama ule msiba, akacheka hadi akashika ukuta.

"Hata baba yako hakuwahi kuziua zote kwa mpigo," akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu." Akaitia mfukoni mwa gauni lake. "Kaloweke mchele. Siku bado zipo, ila si nyingi."

Wakaanza upya, mama akiamuru kitini, binti akipaka. "Nyembamba! Unapaka jani au unapiga lipu?" Aling Sion naye akaja kusaidia kubandua kaki kwenye majani, na kuwasengenya majirani wote mmoja mmoja. Wakacheka hadi mbavu zikawauma. Simu ikaita, mwandishi wa redio akitaka kujua maji yatarudi lini. Nanay Pacing akapokea mwenyewe. "Yatarudi yakirudi," akasema, akakata.

Siku ikafika. Ukuta mzima ulikuwa umevaa kiping, kuanzia paa hadi kizingiti, na shuka halikuhitajika. Sanamu ya mtakatifu ilipita, padri akanyunyiza maji ya baraka, na Nanay Pacing akapunga mkono dirishani kama bibi harusi. Maridel, mtu anayelipwa ili aseme, akapiga makofi tu kama mtoto.

Maandamano yalipopita, watu wakaanza kuchuma mapambo wakayakaange na kuyala, kama ilivyo ada. Nanay Pacing akawatangulia. Akang'oa kiping kubwa nyekundu, akamtaka binti yake aikaange, akaitafuna polepole huku wote wakimtazama.

"Chumvi imezidi," akasema. "Zamu ijayo upunguze. Nitakuwa nimekaa hapahapa nakuangalia."

"Ndiyo, Mama," Maridel akajibu, akarudi jikoni haraka, akijifanya anatafuta siki ya kuchovyea.