Unyevu Hadi Kiwiko

Mvua ikinyesha kwetu Iguguno, mama hasemi imenyesha. Anachukua jembe, anakwenda shambani, anachimba shimo jembamba na kuingiza mkono. Unyevu ukiishia kwenye kifundo cha mkono, anarudi zake jikoni. Ukifika kiwiko, tunapanda. Baba amemcheka miaka yote. Yeye akiona tu wingu limejikusanya, keshavua koti.

Msimu uliopita, Novemba, wingu lilijikusanya. Mama alikuwa msibani Kinampanda, na aliporudi alikuta baba amepanda mtama shamba zima. Manyunyu yakaja, mbegu zikachipua, baba akawa anatembea kwa madaha. Desemba jua likawaka bila huruma na miche yote ikaungua. Mama hakumsema. Mimi nilitamani sana amseme.

Mbegu iliyobaki ilikuwa masuke aliyoyaning'iniza mama juu ya mafiga, yakashika moshi hadi yakawa meusi, wadudu wasiyasogelee. Hayo nayo yakipandwa yakaungua na jua, hatuvuni kitu.

Januari nikamchukua mama aje kwangu Manyoni kutibiwa jicho. Mguu mmoja uko ndani ya basi, bado anaagiza: "Mzee, masuke yangu usiyaguse mpaka kiwiko."

"Nimesikia," baba akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

Kwangu mama hakutulia. Jicho moja limefungwa bandeji, la pili liko dirishani linatafuta mawingu. Nampenda baba yangu, lakini kwa mambo ya mvua simwamini hata chembe. Kwa hiyo asubuhi moja simu yake ilipoita, niliipokea nikitarajia mabaya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mpe mama yako."

Nikaweka sauti kubwa, nami nisikie.

"Imenyesha usiku kucha," baba akasema. Alikuwa anahema.

"Umeshapanda," mama akasema.

"Sijapanda. Nimepiga magoti hapa shambani, mkono uko shimoni."

Mama akakaa vizuri kitandani. "Unyevu umefika wapi?"

"Kiwiko changu bado. Chako umefika."

"Changu? Mimi niko Manyoni, mzee, umekipimaje?"

"Mkono wako ni mfupi, mama watoto. Ukiulaza juu ya wangu, kiwiko chako kinaishia hapa kwenye kovu la shoka. Na mimi kila mwaka nakutazama ukichimba, hata kama nacheka."

Mama akakishika kiwiko chake.

"Basi panda," akasema. "Na ukiyashusha masuke, tandika turubai chini."

Akanirudishia simu. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanaingia kwenye bandeji. Nikamwambia kwamba daktari amekataza jicho kulowa.

"Niache," akasema. "Leo niache."