Kulasitara wa Bukini

Nilianza kuangalia ndege kwa sababu nilikuwa nimerudi Malindi na shahada, na shahada haikuwa na haraka ya kunipatia kazi. Binamu yangu alinipeleka kwenye kikundi cha watu sita ambao kila Jumamosi asubuhi hukutana pale mto Sabaki unapoingia baharini, wakaandika ndege waliowaona. Nilikwenda nikiamini kwamba nusu yao wanabuni.

Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu wa Mambrui, mama wa buibui na viatu vya mpira, darubini shingoni. Kwao ni desturi kwamba aliyemwona ndege peke yake huulizwa maswali na wenzake kabla jina halijaandikwa. Mwalimu huuliza mwisho, na swali lake ni lile lile: "Umemwona, au umemtaka?"

Desturi hiyo ilinifaa. Ndege sikuwajua, lakini kuuliza najua. Baada ya miezi michache maswali yangu yalikuwa yameshawanyima watu mwewe wawili na bata mmoja. Mwenye bata, mzee muuza samaki, akawa ananiita Hakimu.

"Nyamazeni, Hakimu amefika," husema, hata pasipo na mtu anayezungumza.

Ijumaa moja nilikwenda mtoni peke yangu nikamwona ndege mnene wa shingo fupi, amesimama kwenye tope, mgongo na kifua rangi ya hudhurungi. Nilifungua kitabu. Alifanana na kulasitara wa Bukini, mgeni anayevuka bahari kutoka kisiwani kwao, na ambaye hakuwamo katika orodha yetu. Kitabu kilitaka niangalie miguu. Miguu ilikuwa na tope mpaka magotini. Nikaona hilo si neno.

Kesho yake nilisimama mbele ya wenzangu nikaeleza. Ndege mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Nilisubiri maswali, hayakuja.

"Huyu hata jua likichomoza hutaka shahidi," alisema mzee muuza samaki. "Akisema kaona, kaona."

Mwalimu akaniuliza swali lake. Nikajibu kwamba nimemwona. Akanipa kalamu niandike mwenyewe, kisha akatia sahihi chini ya ukurasa, kwa kuwa Jumatatu orodha ingepelekwa kwa wale wanaokusanya habari za ndege wa nchi nzima. Miaka yote aliyoongoza kikundi, hajawahi kurudishiwa jina hata moja. Aliniambia hayo bila kujisifu, kama mtu anayetaja umri wake.

Jumapili nilirudi na simu ili nipate picha. Ndege alikuwapo, pale pale topeni. Nikapiga picha tatu. Kisha akatembea polepole mpaka kwenye kidimbwi cha maji ya chumvi kilichobaki bahari ilipokupwa, akaingia, akaanza kuoga.

Sabaki hushuka na udongo mwekundu wa bara, kila mtu wa huku anajua. Nguo nyeupe haifuliwi pale. Ndege wangu alijipigapiga mabawa, akazamisha kifua, akajitikisa, na kila alipojitikisa alizidi kuwa mweupe. Alipotoka alikuwa yangeyange, wa aina ile ile inayofuata ng'ombe nyuma ya nyumba yetu.

Nilikaa mchangani. Hapakuwa na mtu mwingine. Picha zilikuwa za ndege wa hudhurungi, nzuri kabisa.

Alasiri nilibisha hodi kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na uso wa aliyefeli."

Nikamweleza yote, pamoja na kidimbwi. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Nani mwingine aliyemwona akioga?"

"Hakuna."

"Basi ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Na kesho ningempeleka kulasitara wa Bukini." Akasukuma sinia kando, akaleta daftari na kalamu. "Futa. Mstari mmoja tu, jina lisomeke."

"Lisomeke? Si afadhali tuanze ukurasa mpya?"

"Nimetia sahihi ukurasa huu, mwanangu. Siutupi kwa sababu una kosa."

Nikapiga mstari mmoja. Chini ya ukurasa sahihi ya Mwalimu ilikuwa imenyooka. Nilimrudishia kalamu, akakataa kuipokea.

"Hujamaliza. Ijumaa ulimwona ndege, hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi mwandike."

Nikaandika: yangeyange, mmoja.