Rangi ya Jeneza

Kuna kazi ambayo kwetu haifanywi mpaka mtu afe. Jeneza la msikiti, lile la chuma linalobebea kila maiti na kurudi, majembe, sepetu na sururu za kuchimbia kaburi, vyote husafishwa siku ile ile vinaporudi kutoka makaburini, mikono ikiwa bado na udongo. Ukivigusa siku nyingine utaulizwa unamtafutia nani. Ukilitoa jeneza nje kulifuta vumbi tu, jirani anafunga dirisha. Nimeishi hivyo tangu nilipoolewa hapa Kilosa, na sikuwahi kupinga.

Vifaa hivyo vinakaa kwangu. Zamani vilikuwa stoo ya msikiti, lakini stoo ile iko bondeni, kila mto ukijaa maji yanaingia. Mume wangu akajitolea vikae kwenye banda letu, huku Mabwerebwere, tulipo juu kidogo. Yeye alikuwa mtu wa reli. Ujana wake wote ulipita chini ya mabehewa na kopo la grisi mkononi, na chuma kikilia yeye hukisikia kabla ya wenzake. Wanaume wakirudi kuzika, wengine wanakwenda kunawa na kula, yeye anabaki na jeneza. Analiosha, analikausha kwa gunia, anapaka grisi kwenye maungio ya miguu na kwenye vishikio. Majembe na sepetu anayachomeka kwenye ndoo ya mchanga uliolowa oili chafu, ile anayoomba kwa mafundi wa pikipiki. Anachomeka na kuchomoa, anachomeka na kuchomoa, mpaka chuma kinang'aa. Kazi yangu mimi ilikuwa kumletea maji. Mwanamke haendi makaburini, kwa hiyo jeneza nimelijua likitoka kwangu safi na likirudi na tope, basi.

Masika haya yalimkuta kitandani. Kilianza kifua, ikafuata miguu kuvimba. Hospitali walimpa vidonge, wakasema alale ameegemea mito na asibebe kitu chochote. Nikakisogeza kitanda chake karibu na mlango apate hewa. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ua wake na wetu umetenganishwa na michongoma tu, alikuja akakuta kitanda kimehama. Akakitazama kitanda, akanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "umeshamkatia tamaa?"

Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Mimi si mtu wa kukaa kando ya kitanda. Wako wanawake wanaoweza, wanakaa na kanga kichwani na tasbihi mkononi, na mgonjwa anafarijika kuwaona. Mimi nikikaa miguu inaninyanyua yenyewe. Nilifagia ua uliokwisha fagiliwa. Nilianika mpunga, wingu likaja nikauanua, wingu likapita nikauanika tena. Mume wangu akaniambia kuku wanalala vizuri kuliko mimi.

Siku moja katika huko kuhangaika nikaingia bandani kutafuta mayai. Nikaliona jeneza. Tangu mwenyewe alale, vijana walikuwa wakizika, wanarudisha vifaa, wanavisukuma ndani na tope lake. Shikamoo bibi, marahaba, hao wameshatoka. Sepetu zilikuwa nyekundu kwa kutu. Na jeneza, pale miguu inapoungana na mabomba ya juu, tope lilikuwa limekauka likalowa likakauka tena. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kutu ikatoka magamba magamba kama ya samaki, na chuma kilichobaki ndani kilikuwa chembamba.

Nikawaza mama wa mtu amelazwa pale juu, na mguu unakatika mlangoni mbele ya watoto wake. Nimeona mengi duniani, hilo sitaki kuliona, tena kwa jeneza lililotoka nyumbani kwangu. Lazima lisuguliwe na kupakwa rangi, na si kesho kutwa.

Lakini nilipakeje? Hakuna aliyekufa. Na mgonjwa aliye karibu kuliko wote amelala hatua chache kutoka pale, na masikio yake yale ya reli. Akisikia jeneza linashughulikiwa atajua nini? Atajua kwamba mkewe anamwandalia. Maneno ya wifi ningeyavumilia. Hilo la mume wangu kuamini kwamba nimemkatia tamaa, hapana.

Rangi ya chuma Kilosa ipo, maduka yapo. Ila mwenye duka anamjua mzee na anajua anaumwa, na kabla ya alasiri wifi angekuwa ameshaambiwa nimenunua nini. Basi nikasema nakwenda Mikumi kumsalimia binti yetu, anayepikia madereva wa malori kule kwenye barabara kuu. Wifi akabaki na kaka yake. Nikapanda gari kwa njia ya kijiji cha Ulaya, tope mpaka kwenye vioo, safari yote hiyo kwa ajili ya kopo la rangi. Mtoto wangu nilimkuta na wateja wamejaa. Nikala wali wake, sikuumaliza, nikaenda dukani.

Mikumi hakuna anayekuuliza habari zako, watu wanapita tu. Kijana wa duka aliniuliza kama napaka geti au dirisha. Nikasema kitanda. Akasema kwa kitanda nichukue rangi ya fedha, inapendeza. Nikamwambia sikuja kupendeza. Akacheka, akanipa redoksaidi, ile nyekundu ya kuzuia kutu inayotangulia kupakwa, na kopo la kijani la kupaka juu yake. Nikavifunga kwenye kanga katikati ya nyanya nilizonunua.

Kesho yake mzee alipokunywa vidonge akasinzia, na wifi ameshakwenda gulioni, nikalivuta jeneza mpaka mlangoni mwa banda. Brashi ya waya ilikuwa kwenye msumari wake. Nikaivuta mara moja juu ya mguu wa jeneza. Ikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Nikasimama, nikasikiliza ndani. Kimya. Nikairudisha brashi kwenye msumari.

Nilifuta tope kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikafungua redoksaidi nikaanza kupaka juu ya kutu ile ile. Nilijiambia rangi ni rangi. Nilikuwa najua sivyo, hata mkono ulivyokuwa ukienda nilijua sivyo.

"Mama," mzee akaita kutoka ndani.

Nikaingia na mikono nimeificha ndani ya kanga. Alikuwa amefumba macho.

"Nasikia harufu ya rangi," akasema. "Brashi sijaisikia."

Nikazidi kuivuta kanga juu ya mikono.

"Umepaka juu ya kutu."

"Sikutaka kukuamsha."

"Hukutaka nisikie." Akatulia kutafuta pumzi. Mimi nikasubiri lile neno nililolikimbia mpaka Mikumi. Alipopata pumzi akasema, "Kutu ukiifunika haifi. Inakula ndani kwa ndani, siku moja mguu unabaki rangi tupu. Nipe mkono."

Nikamwambia haiwezekani, hospitali wamemkataza.

"Wamenikataza mizigo. Brashi si mzigo."

Ukiolewa na mtu miaka yote hiyo unajua lini ubishi wake una mwisho na lini hauna. Nikamshika, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya banda, blanketi mabegani. Rangi yangu yote mbichi akaniamuru niifute. Akasugua mguu mmoja kidogo, akapumzika, nikaendelea mimi. Alikuwa hatazami. Amefumba macho, anasikiliza brashi, ananiambia hapo bado, hapo bado, hapo tayari, endelea. Nikitazama, kweli pale aliposema bado palikuwa na doa. Kisha akataka nilipindue.

"Chini ndiko maji yanakokaa. Juu kila mtu anapaka."

Kelele zile zilimleta wifi. Alitokea kwenye michongoma na kikapu chake cha gulioni kichwani, akamwona kaka yake na mguu wa jeneza katikati ya magoti. Akakitua kikapu polepole.

"Kaka, ndiyo unajitengenezea mwenyewe?"

"Hili ni la kila mtu," mzee akamjibu. "Na lako pia. Njoo ushike mguu huo, unacheza."

Nilidhani ataondoka. Akaja. Alikunja ncha ya kanga akaushikia mguu wa jeneza, chuma kisiguse ngozi yake, akawa anasoma dua kwa midomo na kati ya dua na dua ananilaumu mimi kwamba kanga yake inaharibika. Tukasugua mpaka chuma kikatoka weupe wake. Tukafuta vumbi kwa mafuta ya taa, nikapaka redoksaidi, chini kwanza. Maungio tukayaacha yakauke ndipo grisi iingie. Sepetu nazo zikarudi kwenye mchanga wao.

Kumrudisha kitandani ilikuwa kazi. Pumzi yake ilikuwa ya kuvuta kwa kamba. Wifi alinitazama, na safari hii hakusema kitu, nami ningependa angesema. Mzee ndiye aliyesema, mito ilipomkaa vizuri.

"Kijani nitapaka mimi, jua likitoka. Wewe usiguse."

Baada ya hapo miguu yake ilivimba zaidi na hakuinuka tena kwenda uani. Katikati ya mvua akafariki bibi mmoja wa mtaa wa pili, vijana wakaja kuchukua jeneza likiwa bado jekundu. Waliporudi, mzee mmoja wa msikiti akaja nao kunilalamikia. Alisema jeneza gani hili, kama behewa la mizigo, watu walikuwa wanalishangaa njia nzima. Atatuma vijana wamalizie kijani.

Nikamwambia asisumbuke, mwenye kazi yake yupo.

"Yupo wapi?"

"Ndani. Nenda kamsalimie."

Akaenda, akakaa naye muda mrefu. Mimi nikawasimamia vijana mikono kiunoni mpaka wakaliosha na kulikausha. Mmoja alisema siku hizi halilii likibebwa. Sauti yake ilikuwa kubwa, na dirisha lilikuwa wazi.

Redoksaidi peke yake haitoshi, mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Ni nguo ya ndani, bila rangi ya juu inakunywa maji. Na mvua haijakatika. Kila asubuhi naingia bandani, nagusa miguu ya jeneza kwa kidole, natazama kidole kama kina kutu. Ningeweza kulimaliza kwa mchana mmoja. Siku hizi wifi ndiye anayenihimiza, ananiambia jeneza litaoza mimi natazama. Nikamuuliza si yeye aliyetaka kujua kama nimemkatia tamaa kaka yake? Akaenda zake kwenye michongoma, baadaye akarudi na uji wa mgonjwa.

Kopo la kijani naliweka jikoni. Nalitikisa kila siku rangi isigande chini, na mzee ananisikia kutoka kitandani.

"Jua limetoka?" anauliza.

Natoka mlangoni, natazama juu, narudi naitazama miguu yake. Ikiwa imevimba, hata jua likiwaka mpaka kuku wanatafuta kivuli, namwambia bado.