Kijiti cha Kupimia Nyayo

Tulipokuwa wadogo kule Ndithini, mwizi hakutafutwa kwa kamera. Alitafutwa kwa nyayo. Ninyi wa rika langu mtakumbuka mama zetu wakifagia ua jioni kwa tawi, mchanga ukabaki laini kama unga, ili asubuhi wasome nani alipita.

Kiangazi kimoja, wazee wawili wageni, mume na mke, waliharibikiwa na gari karibu na kwetu. Gari lenyewe lilikuwa nyumba: kitanda, jiko, mapazia, kila kitu ndani. Walimwomba mama alitunze mpaka wapate kipuri Nairobi. Mchana afungue kidirisha cha juu ili joto litoke, na afunike magurudumu yasipasuliwe na jua. Mama akaahidi.

Kuanzia hapo hakumwamini mtu. Alifunika magurudumu kwa magunia, akafagia mchanga pande zote. Mbuzi walilala kwenye kivuli chini ya gari, nasi pamoja nao, tukinusa mpira wa moto, mpaka tufukuzwe. Jirani yetu Mama Mutuku alikuja kuchungulia dirishani.

"Ukigombana na mume," akasema, "unawasha gari unahama na jikoni!"

Tulicheka sana. Mama hakucheka.

Asubuhi moja tukakuta nyayo za mtu asiye na viatu zimelizunguka gari. Maji ya jerikeni nayo yalikuwa yamepungua, maji tuliyoyaleta na punda kutoka mbali. Mama akakata kijiti sawasawa na urefu wa unyayo. Tangu siku hiyo aliwasalimia watu akiangalia chini. Kwa Mama Mutuku alikiangusha kijiti makusudi karibu na mguu wake.

"Unanipima kama maiti?" Mama Mutuku akauliza.

Hawakusalimiana tena. Mwanawe Mutuku naye akakatazwa kuja kwetu, na mchezo wetu wa kati, ule wa kukwepa mpira, ukakosa mrushaji. Nyayo ziliendelea kuonekana. Maji yaliendelea kupungua.

Kisha mchana mmoja Susu, mama yake baba, alilala mlangoni akiwa amevua sandali zake za akala, zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Sikuwa nimewahi kuona miguu yake peku kabla ya siku hiyo. Mama alipita, akasimama, akainama na kijiti. Kikalingana.

"Mama, ni wewe?"

Susu hakufungua hata macho. "Gunia kavu linafaa nini? Nalilowesha alfajiri. Mpira ukikauka unapasuka kama kisigino. Wenyewe wakirudi, ni jina la nani litaharibika?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyima maji."

Jioni hiyo mama alibeba kibuyu cha uji mpaka kwa Mama Mutuku. Nilimfuata. Mama Mutuku alimwangalia, akatoa mguu mmoja mbele.

"Karibu. Huu wa kushoto hukuupima."

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Wageni waliporudi, walikuta magurudumu mazima, na Mama Mutuku akiwaeleza jinsi "sisi" tulivyolitunza gari.

Sasa ninapanga chumba Mlolongo. Getini kuna kamera, na vijana wa siku hizi huitazama kwenye simu wakiwa wamelala, hata tawi la kufagia hawalijui. Juzi ndoo yangu ilipotea. Kamera ilionyesha mtu akiibeba, uso wake wazi kabisa. Niliangalia mara nyingi. Anaishi ghorofa yangu, lakini simjui jina, na sijui ningeanzia wapi kumsalimia.