Kirusi Hakikumalizika kwa Matanga

Felicitas, mkulima wa kahawa Muleba, alikuwa ametimiza miaka kumi tangu amzike mumewe Rutaihwa, aliposikia kuna upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Wifi yake alimcheka.

"Mjane unapimwa nini? Mambo yote ya Rutaihwa si tuliyamaliza kwenye matanga?"

Felicitas alikwenda hivyo hivyo, akamwuliza muuguzi kama mjane ana haja ya kupimwa.

"Mama, kirusi kinacholeta saratani hii huambukizwa kwa kujamiiana, na hakina matanga," muuguzi alisema. "Hata ukikipata kwa mumeo zamani, kinaweza kujificha mwilini miaka mingi, kikabadilisha seli taratibu mpaka zikawa saratani."

Alipompaka siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona seli zilizobadilika, palitokea doa jeupe. Halikuwa saratani bado, lakini lingeachwa lingeweza kuwa; muuguzi akamweleza kuwa linaweza kuondolewa siku hiyo hiyo.

"Liondoe sasa hivi, mwanangu," Felicitas alisema, akajilaza tena kitandani kabla hajaambiwa.